Marahaba Iliyomezwa Kibuyuni

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi watu wa Shimoni na Msambweni, wa Funzi na wa bara ya Kwale kunakokauka visima. Zimeni redio, pakateni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Habari niliyo nayo si ya kusikilizwa huku mtu akimenya viazi. Ni habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika mashamba ya mwani ya Kibuyuni, vita visivyomwaga damu ila ile iliyokorogwa kwa rangi ya biriani. Na katika vita hivyo alisimama shujaa mmoja, mwanamke mtu mzima, mfunga mwani kwa mkono wa kulia na mfukuza kaa kwa mkono wa kushoto, Bi Mwanaima binti Kheri, akatenda siku hiyo jambo ambalo mama yake na nyanya zake hawakupata kulitenda tangu pwani hii iitwe pwani. Enyi maji ya bamvu, mnaojaa na kukupwa kupita siku zote, mliokuwapo mkaona, nikumbusheni nisije nikapunguza. Kuongeza nitaongeza mwenyewe.

Chanzo cha vita alikuwa Fauzia. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yake Bi Mwanaima, naye Bi Mwanaima ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Wenzake walipokua wakapenda nguo na simu, Fauzia alipenda kutisha watu. Akawa mtunga filamu za kutisha, wa kwanza na wa pekee kutoka Vanga hadi Gazi, na nani angebishana naye, maana mwingine hakuwapo.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya jini wa kisimani. Ilionyeshwa kwenye banda la samaki la Shimoni, juu ya shuka nyeupe, na jini alipotoka kisimani akiunguruma, mtu mmoja akasema, "Hizo ndara za buluu si za mke wangu?" Ikawa ndiyo mwisho wa kutisha. Ya pili ilikuwa ya maiti aliyefufuka, naye maiti akapiga chafya kabla ya wakati wake wa kufufuka. Siku hiyo fundi wa mashine za boti aitwaye Boga, mwenye kicheko cha kutikisa mabati, alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye benchi, na tangu hapo kila akikutana na Fauzia njiani hakumsalimu kwa jina. Alimpigia chafya.

Fauzia aliyavumilia hayo mbele za watu. Lakini jioni moja alikwenda akaketi nyuma ya vichanja vya kuanikia mwani, akalia, kisha akaapa peke yake: atatengeneza filamu ya tatu, na kama hapatatokea hata mtu mmoja bandani atakayepiga ukelele wa hofu, ataiacha kazi hiyo milele na kwenda Diani, kwenye hoteli iliyokwisha kumkubali, asimame mapokezini akiwatabasamia wageni mpaka meno yazeeke. Hakujua kwamba upande wa pili wa kichanja Bi Mwanaima alikuwa akigeuza mwani wake. Alikisikia kiapo chote, na moyo ukamwuma kama wa mzazi yeyote.

Basi filamu ya tatu ikawa ya zimwi la baharini, na mwigizaji mmoja wa Ukunda aliyekodiwa awe zimwi hilo alipopata habari kwamba atalala majini kifudifudi kati ya kamba za mwani, na kwamba humo mna miba ya urumba, yule mnyama wa bahari aliyejaa sindano mwili mzima, aliugua tumbo ghafla na hakuonekana tena. Ndipo Bi Mwanaima alipofunga kanga kiunoni akasimama mbele ya kundi dogo la Fauzia.

"Asitafutwe mtu," alisema. "Mwani huu nimeupanda mimi, maji haya yananijua, na miba ya urumba imenichoma hata imechoka. Mtoto wa kaka yangu hawezi kukosa zimwi nami ni hai. Nitakuwa zimwi mimi!"

Wanawake wenzake wa shambani wakampigia vigelegele, na hapo akavikwa silaha zake. Kwanza alivaa dera kuukuu. Juu ya dera akazungushiwa mwani mbichi, wa kijani na wa kahawia, kamba juu ya kamba, mpaka pweza wa jirani akadhani amejengewa. Meno yake yalichongwa kwa nazi, marefu, makali, meupe. Na kwa kuwa nazi ni nazi, Bi Mwanaima aliyala mara kwa mara bila kujijua, ikabidi yachongwe upya. Kidevuni akamiminiwa ile damu ya rangi ya biriani iliyochanganywa na ukwaju. Mwisho wakawasha makumbi ya nazi katika ndoo iliyotoboka ili moshi uwe ukungu, na ukungu ukawa, na wote wakakohoa.

Mpiga picha alikuwa Kitsao wa Ukunda, jemadari wa harusi, ambaye kamera yake haikuwa imewahi kuona kitu kingine ila maharusi, mapilau na mashangazi wakicheza. Alibandika plastiki ya buluu mbele ya jicho la kamera ili mchana wa Kibuyuni uonekane usiku wa mbalamwezi. "Dada," alimwambia Fauzia, "nakusaidia kwa roho safi, lakini alasiri lazima niwe Gazi. Kuna harusi, na wajomba wa bibi harusi si watu wa kungojeshwa." Maji nayo yalikuwa na saa yao: yamekupwa asubuhi kuliko siku zote za mwezi, na yakirudi, shamba lote lingefunikwa. Ilikuwa siku hiyo, au Diani.

Na windo la zimwi alikuwa nani? Alikuwa Feisal wa Shimoni, kijana apelekaye wageni kutazama pomboo, aliyechaguliwa kwa ajili ya ukelele wake, maana siku alipobanwa na kaa kidoleni walimsikia hadi Wasini. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Angetembea kati ya kamba za mwani, angesikia maji yakichuruzika nyuma yake, angegeuka, angeliona zimwi, angepiga ukelele na kukimbia. Hakuna neno hata moja la kukariri. Kasoro ya Feisal ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa malezi mema.

"Haya!" akaamuru Fauzia, naye Bi Mwanaima akajilaza majini, akajizamisha hata mabega. Feisal akatembea. Maji yakachuruzika. Zimwi likainuka kutoka vilindini, yaani kutoka maji ya magotini, refu, la kutisha, likichuruzika mwani na ukwaju. Feisal akageuka, akaliona, akainamisha kichwa kidogo na kutabasamu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu!" likajibu zimwi. "Mama hajambo mguu?"

"Hajambo sana, anakushukuru kwa ile dawa."

"Kata!" akalia Fauzia.

Wakarudia. Feisal aliapa kwamba safari hii atapiga ukelele, na kweli alipoliona zimwi aliufungua mdomo wake wote, akavuta pumzi ya kutosha tanga, na kilichotoka ni "Shikamoo." Zimwi nalo likaitikia, likauliza kama amekunywa chai. Wakarudia tena. Feisal akauma ulimi. Kichwa kikainama chenyewe, na mkono ukanyooka wenyewe. Wakamfunga leso mdomoni ili aifungue wakati wa kupiga ukelele. Aliamkia kwa macho, na Bi Mwanaima, ambaye hakupata kupitwa na maamkizi ya aina yoyote, akaitikia.

"Feisal!" alisema Fauzia, akipandisha mikono mbinguni. "Huyu si shangazi! Huyu ni zimwi lililokula wavuvi! Limetoka chini ya bahari kuja kukunywa damu! Nani humwamkia mtu anayekuja kumnywa damu?"

Feisal akasimama wima majini, akaweka mkono kifuani, akajitetea hivi: "Dada Fauzia, nirushie pweza usoni, nitavumilia. Niambie nikimbie juu ya urumba pekupeku, nitakimbia. Lakini kinywa hiki kililelewa na nyanya yangu, Mungu amrehemu, naye alinifunza kwamba mtu mzima akitokea mbele yako, kinywa hutangulia, miguu hufuata. Hakusema akitokea wapi. Hakusema asiwe na mwani kichwani. Mimi nataka kuogopa, wallahi nataka, lakini kabla hofu haijavaa viatu, shikamoo imeshafika mlangoni."

"Lakini asubuhi ulikwisha kumwamkia!"

"Alizama, dada. Mtu akizama akaibuka, si ni kuonana upya?"

Kitsao akainua kichwa kutoka kwenye kamera. "Salamu mimi nitaifuta kwa kompyuta, hiyo si shida. Lakini hilo tabasamu? Jamaa anatabasamu kama bwana harusi aliyeletewa kuku mzima."

Kufikia hapo ufukwe ulikuwa umejaa watazamaji, na katikati yao, kwa kuwa msiba haukosi mchekaji, alikuwapo Boga. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha!" alipiga kelele. "Hili halili kabisa, linauliza mguu wa mama!" Akapiga ile chafya yake, watu wakaangua kicheko, naye akaondoka mbio kwenda Shimoni kuitangaza filamu kabla haijawa filamu.

Bi Mwanaima, aliyekuwa amelala majini akingoja kuinuka, aliisikia ile chafya. Alimwona Fauzia akiugeuza uso wake upande wa bahari ili watu wasiuone. Akaona haya, na haya yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu alijua kwamba nusu ya kosa lilikuwa lake: kijana aliamkia, lakini ni nani aliyekuwa akiitikia?

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakipanda kidogo kidogo kwenye vigingi. Simu ya Kitsao ililia, walikuwa wajomba. Wakarudia kwa haraka, bila matumaini, na hapo bahati ikafanya lile ambalo hila zote zilishindwa kulifanya. Bi Mwanaima alipoinuka, jino lake moja la nazi liling'oka likamwingia kooni. Feisal akasema, "Shikamoo, shangazi," na zimwi, likihangaika na jino, halikusema kitu. Ilikuwa pumzi moja tu. Kisha jino likashuka, marahaba ikapanda, na mambo yakawa yale yale.

Lakini Fauzia alikuwa akitazama katika kioo cha kamera, na katika pumzi ile moja alikuwa ameuona uso wa Feisal. Tabasamu lilikuwa limeanguka. Macho yalikuwa yamefunguka. Kijana aliyewapeleka wageni kwenye mawimbi ya kusi huku akiimba alikuwa ameingiwa na hofu ya kweli.

Fauzia akatumbukia majini na nguo zake, akamfikia shangazi yake, akamnong'oneza, "Shangazi, usimwitikie."

Bi Mwanaima akarudi nyuma hatua nzima.

"Unasemaje wewe mtoto? Nimevaa mwani, nimenyamaza. Nimekunywa bahari nusu, nimenyamaza. Nimekula meno yangu mwenyewe tangu asubuhi. Lakini salamu ya mtoto wa watu niiache ikining'inia hewani? Fauzia! Hata yule aliyeniibia kamba zangu, aliponiamkia nilimwitikia kwanza, ndipo nikamtukana!"

"Najua, shangazi. Ndiyo maana inatisha." Fauzia akapangusa maji usoni. "Nyamaza tu mpaka niseme kata. Baadaye mwitikie hata mpaka kesho. Kama huwezi, basi, sitakulaumu. Nitakwenda Diani."

Bi Mwanaima akamtazama mtoto huyu aliyembeba mgongoni akifunga mwani, aliyempigania homa na surua, akamwona amelowa hadi shingoni kwa ajili ya jambo ambalo watu walilicheka. Akaweka jino jipya, akajilaza majini.

Sasa nipisheni nipumue, maana tumefika penye vita.

Feisal akatembea. Maji yakachuruzika. Zimwi likainuka, na kijana akageuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

Ndipo Marahaba iliponyanyuka. Ilitoka tumboni mwa Bi Mwanaima, mahali ilipokuwa imekaa tangu alipokuwa msichana wa kuitikiwa hata akawa mtu mzima wa kuitikia, ikapanda kifuani pamoja na jeshi lake lote: Hujambo upande wa kulia, Mama-hajambo upande wa kushoto, na nyuma kabisa Karibu-chai akipiga ngoma. Ikafika kooni, ikapiga hodi. Bi Mwanaima akafunga koo. Ikapanda ulimini; akaukandamiza ulimi. Ikafika kwenye lango la meno, ikasukuma kwa mabega, na meno ya nazi yakalia kwa mkazo. Macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikamsimama, mwili wote ukatetemeka hata mwani ukachezacheza mabegani, na katika yote hayo kinywa cha Bi Mwanaima binti Kheri, kinywa ambacho hakikupata kuinyima salamu haki yake, kilibaki kimefungwa.

Feisal alidhani maji yameingia masikioni mwake. Akasogea, akapaza sauti kidogo, kwa heshima.

"Shangazi. Shikamoo."

Kimya. Maji yalipiga vigingi. Zimwi lilimtazama kwa macho yaliyotoka, likitetemeka, bila neno.

Baadaye Feisal alikiri kwamba katika kimya kile alizipitia dhambi zake zote. Alikumbuka ndoo aliyoichukua bila ruhusa. Alikumbuka kumbi la nazi alilomrushia kuku wa Bi Mwanaima, na kwamba kuku yule alichechemea. Akajiuliza kama mama yake amefariki na shangazi anashindwa kumwambia. Kisha likamjia lililo baya zaidi: kwamba huyu hakuwa Bi Mwanaima. Kwa maana Bi Mwanaima angeitikia.

Akapiga ukelele. Ndugu zangu, ukelele! Ndege waliruka mikokoni. Mbuzi wa Kibuyuni walikata kamba. Wageni waliokuwa ng'ambo Wasini wakila kaa waliweka kaa chini. Feisal akageuka akakimbia juu ya urumba na mawe na kamba, akirusha maji kila upande, akimwita nyanya yake.

"Kata," akasema Fauzia, lakini kwa sauti ndogo, kwa kuwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Bi Mwanaima alisikia. Lango likavunjika. "Marahaba!" alilia, akitoka majini na mwani wake wote, akimkimbilia kijana. "Marahaba, mwanangu! Simama nikuitikie!" Feisal akatupa jicho nyuma, akaona zimwi linakuja mbio, mikono mbele, meno yakidondoka, akaongeza mwendo. Kadiri alivyoitikiwa ndivyo alivyokimbia. Naye Kitsao, aliyezoea harusini kufuata sinia la pilau popote linapokwenda, hakuzima kamera. Alilifuata zimwi ufukweni kote hadi kwenye vichanja, ambako Feisal alikuwa amepanda juu na kukataa kushuka.

"Nimekukosea nini, shangazi?" aliuliza kutoka juu, machozi yakimtoka.

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Marahaba, marahaba, na ile ya kwanza pia marahaba. Shuka. Ilikuwa sanaa."

"Basi sanaa ni kitu kibaya," akasema Feisal, akashuka.

Kitsao alifika Gazi akiwa amechelewa, amelowa, na kamera yake ikinuka mwani, akawaambia wajomba kwamba ametoka kumpiga picha bibi harusi mmoja ambaye hajapata kuona mfano wake.

Usiku wa maonyesho ulifika. Baada ya sala ya isha watu walijaa kwenye banda la samaki la Shimoni hata nje ya kuta, na wote walikuja kucheka, kwa kuwa Boga alikuwa amekwisha kuwasimulia. Aliketi benchi la mbele, ndara zake amezivua, miguu ameinyoosha. "Ngojeni," aliwaambia jirani zake, "litauliza mguu wa mama." Fauzia aliketi nyuma kabisa karibu na mlango. Bi Mwanaima alikuwa ubavuni mwake, amemshika mkono.

Juu ya shuka, Feisal akatembea katika usiku wa plastiki ya buluu. Maji yakachuruzika. Zimwi likainuka. Vicheko vichache vikaanza, na Boga akafungua kinywa tayari kwa kile kikubwa.

"Shikamoo, shangazi," akasema Feisal.

Banda zima likangoja. Watu hawakujua kwamba wanangoja. Walikuwa wameingoja marahaba maisha yao yote na haikuwahi kuwakosa. Haikuja.

"Mbona haitikii?" akanong'ona mwanamke mmoja.

"Mwitikie mtoto, wewe!" akafoka mzee kutoka nyuma, kwa hasira iliyokuwa na woga ndani yake.

"Shangazi," akasema Feisal. "Shikamoo."

Kimya. Macho ya zimwi yakatazama, yakitetemeka, moja kwa moja benchi la mbele. Na kinywa cha Boga, kilichokuwa wazi kwa ajili ya kicheko, kikakosa kicheko. Kikatoa ukelele mwembamba, mrefu, ulioanza kabla ya ule wa Feisal na kuendelea baada yake. Alipita juu ya benchi, juu ya mapaja ya watu, akatokea dirishani. Banda lote likapiga yowe nyuma yake. Asubuhi ndara zake zilikutwa pale pale alipoziacha, nazo zilikuwa za buluu.

Fauzia hakuona mwisho wa filamu yake mwenyewe, maana alikuwa analia begani kwa shangazi yake, na Bi Mwanaima alikuwa akimpigapiga mgongoni akisema, "Wamepiga ukelele, mwanangu. Umewasikia? Wamepiga ukelele." Kesho yake Fauzia alipiga simu Diani, akashukuru sana, akasema kwamba hataweza kwenda kutabasamu.

Basi na iandikwe mahali yanapoandikwa mambo makubwa, na watoto wafunzwe, na atakayeuliza mwani wa Kibuyuni ulipandwa lini aambiwe ni kabla au ni baada ya siku ile Bi Mwanaima binti Kheri, mwenye meno ya nazi, alipoimeza marahaba yake mwenyewe na kuishinda. Mimi nimeisimulia kama ilivyokuwa, na palipozidi mnisamehe.

Limebaki moja tu. Asubuhi ile ile ya kuokotwa ndara, Bi Mwanaima alikuwa akishuka shambani na kamba zake begani, akakutana na Boga kwenye kijia, pekupeku, akienda kuzitafuta. Boga akasimama mbali kidogo. Hakupiga chafya.

"Shikamoo, Bi Mwanaima," akasema.

Bi Mwanaima akamtazama. Akaweka kamba chini, akaikunjua kanga yake, akaifunga upya kwa utaratibu, akazichukua kamba zake tena. Boga akapeleka mguu mmoja nyuma.

"Marahaba," akasema Bi Mwanaima, akapita.